Jinja sio hekalu la Buddha, na mbweha sio mungu wao

Jana nimetumiwa tena ile video ya mageti mekundu ya Kyoto, chini imeandikwa "hekalu la Buddha ambako Wajapani wanaabudu mbweha". Sentensi moja makosa mawili, na sijui hii ni mara ya ngapi, kwa hiyo leo ngoja niandike tu.

Kifupi, pale panaitwa jinja. Ni mahali pa kami, na kami ndo wanaoheshimiwa kwenye Shinto, dini ya asili ya Wajapani. Maana imeishia hapo. (Ukitafuta neno hilo peke yake intaneti inaweza kukupeleka Jinja ya Uganda, pale Nile inapotokea ziwani, hayahusiani kabisa, la Uganda limetokana na mawe.)

La Buddha linaitwa tera, na wakitaka adabu wanasema otera. Ubuddha wenyewe uliingia Japani karne ya 6 ukitokea Korea, yaani ulikuja na meli, kami ukawakuta. Kwenye jinja unapita chini ya torii, ile miguu miwili na boriti juu, unanawa mikono na kusukutua, unatupa sarafu, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena mara moja. Kwenye tera kuna udi, kuna sanamu za Buddha, mara nyingi na makaburi nyuma, na makofi hayapigwi, ukipiga watu watakugeukia. Na makaburi ndo kitu kikubwa hapo, maana kwa Shinto kifo kina unajisi, wanauita kegare, kwa hiyo mtoto anapelekwa jinja akiwa na miaka 3, 5 au 7, kwenye sikukuu ya Novemba 15, ila akizeeka akafa mazishi yake kwa kawaida ni ya Kibuddha. Mtu huyohuyo mmoja, na hakuna anayemuuliza we dini yako ipi.

Sasa siwezi kulaumu sana, kwa sababu wenyewe walivichanganya zaidi ya miaka elfu. Jinja na tera vilikaa uwanja mmoja, watu wakisema kami fulani ni Buddha fulani aliyekuja kwa sura nyingine, mpaka serikali mpya ya mfalme Meiji ilipoamuru mwaka 1868 vitenganishwe, sanamu zikatolewa na nyingine zikavunjwa. Hata leo nenda Shitennoji pale Osaka, tera ya zamani sana, mlangoni kuna torii ya mawe, imesimama tu.

Ila kinachoniuma zaidi ni hilo neno kami kugeuzwa "mungu" halafu mtu anaanza kuhesabu miungu. Shin ya Shinto na jin ya jinja ni herufi moja ya Kichina, na ukiisoma peke yake unasema kami. Wengi watakwambia limetoka kwenye kami nyingine yenye maana ya "juu", eti walio juu, linavyopendeza masikioni unakubali haraka, lakini maandishi ya karne ya 8 yanaonyesha "mi" ya neno moja na "mi" ya lingine hazikutamkwa sawa zamani, kwa hiyo hadithi hiyo inayumba. (Kuna kami ya karatasi pia na kami ya nywele, wala usianze.) Maana niliyoipenda ni ya Motoori Norinaga, msomi wa karne ya 18, yeye alisema kami ni chochote kisicho cha kawaida kinachokutia kicho. Chochote, wema au ubaya. Mlima, maporomoko, mti mkubwa uliofungwa kamba ya majani ya mpunga.

Hata mtu. Sugawara no Michizane alikuwa msomi na ofisa mkubwa wa ikulu, wakamsingizia, wakamfukuzia Dazaifu, mbali kwenye kisiwa cha Kyushu, mwaka 901, akafia huko 903. Wabaya wake wakaanza kufa mmoja mmoja, na mwaka 930 radi ikapiga ikulu, watu wakajua huyu ana hasira, basi wakamjengea jinja Kyoto ili atulie. Leo wanafunzi wanaenda kwake kuomba wafaulu mitihani. Sasa huyo nimwite mungu? Mzimu? Pepo? Kila neno la kwetu linabana sehemu moja na kupwaya nyingine.

Na mbweha. Kami wa pale Fushimi, yaani kwenye ile jinja ya mageti mekundu ya Kyoto, ni Inari, wa mpunga na biashara, na mbweha ni mjumbe wake, ndo maana sanamu zake zina kitu mdomoni, mara ufunguo wa ghala mara suke la mpunga. Wanasema anapenda tofu ya kukaanga, na sushi iliyofungwa kwenye hiyo tofu inaitwa inari kwa sababu hiyo. Yale mageti mekundu ni ya watu na makampuni waliotoa shukrani au maombi, zunguka nyuma ya nguzo utaona jina na tarehe. Mbweha anayejigeuza mwanamke akaolewa na mkulima ni wa hadithi za jioni, huyo ana mambo yake.

Kwa hiyo ndugu wa ile video, wala sijakasirika, badilisha tu iwe "jinja ya Inari, mbweha ni mjumbe". Na kama unaogopa neno geni, karate mbona tunaandika.