Mbao kukaa mwaka ghalani si kukauka

Wengi huamini mbao iliyokaa mwaka mzima ghalani imekauka. Sivyo. Mbao hufuata unyevu wa hewa inayoizunguka, na iliyo nene huweza kubaki mbichi katikati huku uso ukiwa mkavu. Ndiyo maana taasisi za serikali za utafiti wa misitu hutegemea mizani: hukatwa kipande cha milimita 25, mbali na ncha (ncha hukauka mapema, hudanganya), hupimwa papo hapo, kisha huwekwa kwenye tanuri la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito uache kushuka. Gramu 120 zikishuka hadi 100, unyevu ni asilimia 20, kwa sababu gramu 20 za maji yaliyopotea hugawanywa kwa uzito mkavu (100), si kwa uzito wa awali (120). Hapa ndipo watu hukosea. Kwa fanicha za ndani, asilimia 20 ni nyingi mno: mbao itasinyaa na viungo vitaachia.