Mageuzi ya misaada ya kijeshi: maana yake

Msaada wa kijeshi ni kile ambacho nchi moja huipa jeshi la nchi nyingine ili lipigane: silaha, mafunzo, mafuta, washauri, hata posho za askari. Kuufanyia mageuzi ni kubadili kinachotolewa, anayepewa, na jinsi anavyokaguliwa.

Mwanza inao mfano wake. Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuupiga mji huu. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Gaddafi, kiongozi wa Libya, alikuwa amempelekea Amin silaha na maelfu ya askari, lakini Aprili 11 Kampala ikatekwa. Jeshi la Amin lilikuwa limekwisha kusambaratika, na shehena ya silaha haimrudishii askari imani kwa kamanda wake.

Wafadhili wengi bado huhesabu bunduki walizotoa na askari waliowafunza, wasiulize mshahara unafika kwa nani. Mji wa Mosul, nchini Iraq, ulitekwa Juni 2014 ingawa ulilindwa na jeshi lililojengwa kwa fedha nyingi za Marekani. Mwishoni mwa mwaka huohuo waziri mkuu wa Iraq, Haider al-Abadi, alitangaza kwamba wamegundulika askari hewa 50,000: majina yanayolipwa bila mtu. Kwa jirani zetu wa Kongo, makamanda walikuwa wakila mishahara ya askari wao, na askari mwenye njaa hugeukia wanakijiji. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioanza huko mwaka 2005 ulisaidia kuwahesabu askari na kutenganisha njia ya malipo na mamlaka ya makamanda. Kwangu mimi, kazi kama hiyo ina thamani kuliko helikopta.

Upande mwingine ni haki za binadamu. Sheria ya Leahy ya Marekani, iliyoanza mwaka 1997, inakataza kusaidia kikosi chenye ushahidi wa kuaminika kwamba kimetesa, kimebaka au kimeua raia kinyume cha sheria, mpaka serikali yake iwachukulie hatua wahusika. Inakagua kikosi kimojakimoja, kwa hiyo jeshi zima halinyimwi msaada kwa kosa la wachache. Udhaifu wake ni kwamba mtoaji ndiye mkaguzi, na akimhitaji sana mshirika wake hufumba macho. Ndiyo maana wabunge wa nchi inayopokea nao wanapaswa kuiona mikataba hii, wajue silaha zinakwenda kikosi gani na nani anazitunza.