Raha ya baiskeli nzuri huanzia kwenye gia

Mtu akitoka kwenye baiskeli ya mbio ya zamani, ile ambayo gia unabadilisha kwa kuinama hadi kwenye bomba la chini la fremu, akapata ya kisasa, kitu cha kwanza ni kuinyanyua kwa mkono mmoja. Nyepesi kweli. Ila piga hesabu. Mwendeshaji wa kilo 70 aliyehama kutoka baiskeli ya kilo 10.5 kwenda ya kilo 8.5 amepunguza kama asilimia 2.5 tu ya mzigo wote. Mlima uliokuwa ukimla saa nzima utampa nafuu ya dakika moja na nusu. Kwa hilo peke yake nisingemshauri mtu akope.

Raha yenyewe iko kwenye meno ya gia. Nyingi za zamani zina meno 52 na 42 mbele, na nyuma friwili, yaani rundo la gia za gurudumu la nyuma, ya gia 6 au 7 inayoishia meno 28. Kwa gia nyepesi kuliko zote, yaani 42 kwa 28, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 3.15. Ya kisasa yenye 50 na 34 mbele, kaseti (rundo la gia la kisasa) ya meno 11 hadi 32 nyuma, inakusogeza mita 2.27. Sasa zipeleke zote kwenye mwinuko wa asilimia 7, pedeli zikizunguka mara 60 kwa dakika, wewe na baiskeli mkiwa kilo 80. Ya kwanza inakulazimisha kwenda kilomita 11 kwa saa, kazi ya wati kama 190. Ya pili inaridhika na kilomita 8, wati kama 140. Aliyewahi kupanda mlima Kitonga kule Iringa huku lori linanguruma mgongoni anajua wati 50 ni kitu gani: ni kupanda umekaa, unapumua, badala ya kusimama juu ya pedeli na kuyaumiza magoti. Na gia unabadilisha kwa kidole kimoja bila kuachia usukani, jambo ambalo kwenye barabara yenye mashimo na mabasi si anasa.

Kwa hiyo ukichagua, hesabu meno kabla hujauliza uzito. Baiskeli ya kaboni yenye 53/39 mbele na 11-25 nyuma ni ya mtu mwenye miguu ya mashindano.

Raha ya pili ni tairi. Tairi za upana wa milimita 23 zilizojazwa upepo hadi bar 8 (bar ni kipimo cha shinikizo) hurukaruka kwenye lami ya kokoto, na kila mruko ni nguvu yako inayopotea. Fremu ya sasa hupokea 28, nyingine 32. Kwa kilo 70 na tairi ya 28 yenye tyubu, anza na bar 5 nyuma na 4.7 mbele, kisha ongeza au punguza kidogo kidogo. Ukijaza 8 kwa mazoea umeinunua raha na kuitupa siku hiyo hiyo. Jambo dogo linalowaumbua wengi: vali ya tyubu hizi ni nyembamba, na pampu ya fundi wa mtaani haiingii. Nunua adapta ya shaba, ile ndogo kama ncha ya kidole, uifunge kwenye vali ya tyubu ya akiba ili isipotee.

Ukinunua iliyotumika, nenda na rula. Pima mnyororo, pini kwa pini, hatua 24: mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.3 umeshalegea kwa asilimia 0.5, na kwa gia 11 huo ni wa kubadilisha. Ukipita hapo sana, kaseti nayo imeliwa. Utafunga mnyororo mpya na utaruka meno kila ukikanyaga kwa nguvu. Simama nyuma ya baiskeli uangalie direla, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine: ikiwa imeinama kuelekea spoku, kile kipande cha alumini kinachoishikilia kimepinda, na gia haitakaa sawa hata uizungushe skrubu mpaka kesho. Jaribu pia kushusha kiti. Bomba la kiti lililogandia ndani ya fremu, hasa baiskeli ya pwani iliyokula chumvi, linaweza kukugharimu fremu nzima.

Kuchanganya vipuri kuna mitego. Seti ya vipuri ya Shimano Tiagra 4700 ni ya gia 10, lakini shifta zake, yaani vibadilishio vya gia vya kwenye usukani, zinavuta waya kwa kiasi tofauti na za gia 10 zilizoitangulia, hivyo direla ya zamani haitasikilizana nayo. Kaseti ya gia 8 au 9 inaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya baiskeli ya barabarani ya gia 11, mradi uweke kwanza ringi ya milimita 1.85 nyuma yake. Bila hiyo itachezacheza.

Breki za diski za mafuta zina adui mmoja, naye ni fundi mwenye nia njema. Za Shimano hutumia mafuta ya madini. Akimimina breki fluidi ya gari, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa. Mwambie kabla hajafungua kifuniko. Gurudumu likiwa nje, usibane breki. Chomeka kipande cha kadibodi ngumu kati ya pedi. Pedi mpya zizoeshe: kimbia hadi kilomita 25 kwa saa, kaza breki mpaka mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa, rudia kama mara 20.

Baada ya wiki chache waya mpya hutulia na gia huanza kusita kupanda kwenye meno makubwa. Haijaharibika. Zungusha kirekebishio cha waya pale kwenye direla robo duara kinyume cha saa, jaribu, ongeza robo nyingine ikibidi.

Kiti kipime kabla hujaiachia ya zamani: katikati ya ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedeli) hadi juu ya kiti, kisha ncha ya kiti hadi katikati ya usukani. Vihamishe vipimo hivyo kama vilivyo, ila kwanza hakikisha krenki zina urefu sawa. Na pedeli zako ukizihamisha, ya kushoto hufunguka kwa kufuata saa. Wengi wameikaza mpaka ikagoma.