Chuchu zinazouma na kupasuka: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Mama akilalamika kwamba chuchu zinauma, ssenga (shangazi) humletea samli na mwenye duka la dawa humuuzia mafuta ya kupaka. Ni wachache wanaokaa chini kutazama mdomo wa mtoto ukiwa kwenye titi, na mara nyingi chanzo kiko hapo.

Dhana: Kunyonyesha lazima kuume, vumilia tu.

Siku za mwanzo chuchu huuma kidogo, hasa mtoto anapoanza kuvuta, na kwa akina mama wengi hali hiyo hupungua sana ndani ya siku 7 hadi 10. Maumivu yanayodumu muda wote wa kunyonya, au chuchu yenye mpasuko na damu, hayo si ya kuvumiliwa. Tazama chuchu mara tu mtoto anapoiachia. Ikitoka imebanwa bapa, imechongoka upande mmoja au ina mstari mweupe kwenye ncha, ujue mtoto alishika chuchu peke yake na alikuwa akiibana kwenye kaakaa. Mafuta yoyote utakayopaka, atalichubua jeraha lile lile akinyonya tena.

Kwa hiyo anza na upakataji. Kichwa na mwili wa mtoto viwe kwenye mstari mmoja, tumbo lake liguse lako, pua ielekee chuchu. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, kisha subiri mpaka apanue kinywa kama anayepiga miayo. Hapo msogeze yeye kwenye titi, kidevu kitangulie, usiinamie kumfuata. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu hayabonyei, na utamsikia akimeza. Bado inauma? Ingiza kidole kidogo kilicho safi kwenye pembe ya mdomo wake, katikati ya fizi, aachie, kisha uanze upya hata mara kadhaa. Ukimvuta kwa nguvu ngozi huchanika.

Titi likijaa mpaka sehemu nyeusi ikawa ngumu, mtoto huteleza na kubaki na chuchu tu. Kamua kidogo kwa mkono kwanza, ilainike.

Dhana: Punguza dakika za kunyonyesha ili chuchu zipone.

Aliyeshika vibaya huumiza hata kwa dakika mbili. Anza na upande usiouma sana, na mwache mtoto amalize.

Dhana: Safisha kwa sabuni au spiriti, kisha ukaushe kabisa.

Vile vipele vidogo vinavyozunguka chuchu hutoa mafuta yanayoilinda ngozi. Sabuni na spiriti huyaondoa, ngozi ikakauka na kupasuka zaidi. Maji ya kuoga mara moja kwa siku yanatosha. Kila baada ya kunyonyesha, kamua matone machache ya maziwa, pakaza kwenye chuchu, acha yakauke kwa hewa kabla ya kuvaa. Lanolini iliyosafishwa, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, inaweza kukupa nafuu, ila hakuna mafuta yaliyothibitishwa kuponya vizuri kuliko matone hayo. Asali usiipake kamwe: kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1 inaweza kuleta sumu ya botulizimu.

Dhana: Mwenye chuchu bapa hawezi kunyonyesha.

Mtoto hunyonya titi, hanyonyi chuchu. Wengi huweza wakisaidiwa mapema, na kifaa chake ni cha bei ndogo: bomba jipya la sindano la mililita 20, au 10 kama chuchu ni ndogo. Kata ncha inakowekwa sindano, chomoa mti wa kusukumia, uingize upya kupitia upande uliokatwa. Upande laini, ambao haukukatwa, ndio unaowekwa juu ya chuchu. Vuta polepole, shikilia sekunde 30 hadi dakika 1, kisha sukuma kidogo kulegeza kabla ya kuondoa. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku, hasa kabla tu ya kunyonyesha. Ikiuma, legeza.

Dhana: Zikiwaka moto, paka GV, ile dawa ya maji ya zambarau.

Kama ulinyonyesha wiki kadhaa bila shida, kisha chuchu zikaanza kuwaka hata mtoto akishaachia, na mdomoni mwake kuna utando mweupe usiofutika, huenda ni fangasi. Mtibiwe wote wawili, la sivyo mtaambukizana tena. Kwa kawaida mtoto hupewa nistatini ya maji, dawa ya fangasi, mililita 1 mdomoni mara 4 kwa siku baada ya kunyonya, kwa siku 7. Mama hupaka krimu ya dawa hiyo kwenye chuchu. GV kali inayouzwa madukani huweza kuunguza mdomo wa mtoto.

Dhana: Anayenyonya vibaya ana ebinyo, yaani “meno ya uongo” yanayovimbisha fizi, achimbwe fizi.

Hapana, hapana kabisa. Uvimbe ule ni jino changa ndani ya fizi. Kulichimba huleta kuvuja damu na maambukizi, na kuna watoto waliokufa. Mwombe mkunga aangalie kama ulimi umefungwa na ngozi iliyo chini yake.

Dhana: Mtoto akimeza damu ya chuchu, acha kunyonyesha.

Damu kidogo haimdhuru, hata akiitapika. Tofauti ni kwa mama anayeishi na VVU, kwa sababu mpasuko huongeza hatari ya kumwambukiza mtoto. Tangu 2012 Uganda huwapa ARV za maisha wajawazito na wanaonyonyesha wenye VVU. Asiache dawa. Mtoto anyonye upande usio na mpasuko, ule uliopasuka aukamue na kumwaga maziwa hadi upone, na aende kliniki mapema.

Titi likiwa jekundu, gumu na lenye joto, nawe una homa na baridi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Isipokuwa kwa mwenye VVU, anayelikamua upande huo, endelea kunyonyesha titi hilo, kwani maziwa yakilala ndani huongeza hatari ya jipu.