Je, wajua kwa nini filamu ya pili ya kauboi ya mwongozaji Sergio Leone iliipiku ya kwanza?

Wapenzi wengi wa filamu za kauboi za Kiitaliano watakwambia kwamba For a Few Dollars More ya 1965 ni mwendelezo wa A Fistful of Dollars ya 1964: steringi yuleyule, mkasa mwingine. Ukiitazama vizuri, hakuna kinachoendelea. Clint Eastwood anaitwa Joe katika ya kwanza na Monco katika ya pili. Gian Maria Volonté, adui aliyeuawa mwishoni mwa ya kwanza, anarudi mzima wa afya kama jambazi Indio, wala hakuna anayeshtuka. Hata "mtu asiye na jina", anavyoitwa mhusika wa Eastwood, ni tangazo la biashara, lililobuniwa na United Artists walipozisambaza filamu hizi Marekani mwaka 1967. Kilichovuka ni poncho (vazi la kujitanda mabegani), sigara nene na ule uso wa kukunja.

Wengine wanasema siri ni pesa. Bajeti kweli ilipanda, kutoka takriban dola 200,000 hadi kama 600,000, na mji wa mbao uliojengwa Tabernas, Hispania, hadi leo unapokea watalii. Ila kilichoibeba filamu kinaenea kiganjani: saa ya mfukoni inayopiga muziki.

Katika ya kwanza, watu wanatazamana, kisha risasi zinalia. Lini hasa, huwezi kukisia. Indio ana utaratibu wake. Anampa mtu bastola, anafungua saa na kutoa sharti: muziki ukiisha, piga. Aliyewahi kucheza mchezo wa viti anaijua hali hiyo. Mwili umetulia, masikio yote yako kwenye muziki, na kadiri unavyopungua kasi ndivyo tumbo linavyokaza. Mtazamaji naye sasa anahesabu. Ndani ya kanisa bovu, kinanda kikubwa kinaingia juu ya mlio wa saa, na mpaka kati ya saa ya Indio na muziki wa filamu uliotungwa na Ennio Morricone unafutika.

Saa hiyo pia inaficha kisa. Kanali Mortimer (anaigizwa na Lee Van Cleef), anayemsaka Indio, anayo pacha yake, na picha iliyo ndani ni ya dada yake, aliyejiua mikononi mwa Indio. Kwa hiyo kwenye pambano la mwisho, muziki unapokaribia kukatika huku Mortimer hana silaha, kisha saa ya pili ikaanza kulia mkononi mwa Monco, hakuna haja ya maelezo.

Kama hiyo inatosha kuiita bora, ni suala la ladha. Wapo wasioitoa ya tatu, The Good, the Bad and the Ugly, kileleni. Ila ya tatu haina Monco akirundika maiti kwenye mkokoteni huku akijumlisha pesa za zawadi zilizoahidiwa kwa vichwa vyao. Mahesabu yanagoma kwenye dola 22,000. Anageuka, anampiga risasi jambazi aliyekuwa akimnyemelea, na kumalizia: 27,000.