Simu ya Nevada na Fomu ya Mlangoni

Ninapowafunza mawakala wa vyama hapa Kisumu, huwa naanza na runinga. Vijana wengi wanaokuja kwangu wameujua uchaguzi kupitia skrini kabla hawajawahi kushika karatasi ya kura, nami sharti nijue wamefunzwa nini huko.

Mfano wangu ni The West Wing, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia 1999 hadi 2006. Mwisho wake ni kinyang'anyiro cha urais kati ya Matt Santos, mbunge wa Texas mwenye asili ya Kilatino, na Arnold Vinick, seneta mkongwe wa California asiyeelewana sana na wahafidhina wa chama chake. Miaka miwili baadaye, Wamarekani wakawa na Barack Obama upande mmoja na John McCain upande wa pili. Kwetu huku, ambako Kogelo, kijiji cha baba yake Obama, si mbali, wapo wanaoapa kwamba ule ulikuwa utabiri. Haukuwa. Mwandishi mmoja wa tamthilia hiyo, Eli Attie, aliguswa na hotuba aliyoitoa Obama Boston mwaka 2004, akampigia simu David Axelrod, mpanga mikakati wa Obama, akamdadisi kuhusu mtu huyo. Santos alichongwa kutokana na Obama, kwa hiyo si ajabu wakifanana.

Yapo mengine yaliyosadifu yenyewe. Ajali ya kinu cha nyuklia inamyumbisha Vinick kampeni zikiwa zimepamba moto, kama vile kuporomoka kwa mabenki kulivyomyumbisha McCain mwaka 2008. Santos naye akishinda anamkabidhi mpinzani wake wizara ya mambo ya nje, kiti kilekile ambacho Obama alimpa Hillary Clinton. Huko Ukraine mambo yalikwenda kinyumenyume: Volodymyr Zelensky aliigiza mwalimu anayejikuta rais, na mwaka 2019 akachaguliwa rais kweli kwa asilimia 73 katika duru ya pili.

Linalonikera ni usiku wa matokeo. Katika tamthilia, yote yanaishia jimbo la Nevada, na tofauti ni ndogo. Wasaidizi wa Vinick wanamsihi atume mawakili. Anakataa, anakubali kushindwa, basi, yamekwisha. Nikiwaonyesha vijana kipande hicho, darasa zima hunyamaza. Nami huniingia moyoni, siwezi kukana. Lakini kwa kijana wa mtaa wa Kondele hapa Kisumu anayejiandaa kuwa wakala, ni funzo baya, kwa sababu linamwambia kwamba muungwana haendi mahakamani.

Sisi tunajua kinachotokea watu wanapoiona mahakama haina faida. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliolalamika walisema hakuna jaji atakayewasikiliza, na kesi ikahamia barabarani. Maduka ya Oginga Odinga Street yaliporwa na kuchomwa. Kote nchini walikufa zaidi ya watu 1,100. Katiba ya 2010 ndiyo iliyotuletea Mahakama ya Juu na saa ya kuhesabu: siku 7 za kuwasilisha kesi ya urais baada ya matokeo kutangazwa, kisha siku 14 za kuamua. Mwaka 2013 Raila Odinga alishindwa katika mahakama hiyo akakubali uamuzi. Septemba 1, 2017, katika kesi nyingine ya Raila, majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi wa urais, na Kisumu ililia honi mpaka usiku. Kwangu mimi, kwenda mahakamani namna hiyo ni uungwana uleule wa Vinick, ila kwetu una mihuri na makaratasi.

Makaratasi hayo huzaliwa usiku, katika madarasa ya shule yanayogeuzwa vituo vya kura. Mkondo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupigia kura, hauzidi wapiga kura 700, na kila mpiga kura hupewa karatasi sita, moja kwa kila kiti. Kura za urais huhesabiwa kwanza. Msimamizi wa kituo anainua karatasi moja, anawageuzia mawakala waione, anasoma jina, karani anachora mstari. Kisha nyingine. Hakuna mwongozaji filamu atakayevumilia hilo kwa saa nzima, ndiyo maana hamjawahi kuliona. Wakala asiyeridhika ana haki ya kudai kura zihesabiwe upya, isizidi mara mbili. Akikataa kutia sahihi, aandike sababu. Halafu achukue nakala yake ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, maana mwaka 2017 majaji walipotaka kujua ukweli walizirudia fomu: ipi haina sahihi, ipi haina alama za usalama, ipi ilikuwa haijafika matokeo yalipotangazwa.

Mwaka 2013, fomu ikiitwa 34 tu na mitambo ya kutuma matokeo ikiwa imekwama nchini, kijana mmoja niliyemfunza aliondoka kituoni saa nane usiku kabla ya kutia sahihi. Chama chake hakikuwa kimempa hata pesa za chakula, na alikuwa hajaweka kitu tumboni tangu alfajiri. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa. Asubuhi alinipigia simu, tukarudi pamoja kutafuta takwimu za mkondo wake. Wenye sanduku walishaondoka. Mlangoni palibaki nakala iliyobandikwa, nayo ilikuwa imenyeshewa. Majina yalisomeka, safu ya kwanza ikasomeka, lakini kwenye jumla ya mgombea wake wino ulikuwa umetiririka. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia karatasi, akaweka kidole chini ya tarakimu ya mwisho.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii ni 1 au 7?"