Mzio wa embe: maswali na majibu kuhusu vipele vinavyotokea siku mbili baadaye

Mtoto wangu amekula maembe tangu alipoanza kula. Inakuwaje msimu huu midomo yake imebabuka?

Mzio hauhitaji chakula kigeni. Ili kinga ya mwili ikichukie kitu, ni lazima kwanza ikutane nacho, ikitambue na kukiweka katika kumbukumbu yake. Hatua hiyo hupita kimya, bila dalili yoyote, na inaweza kuchukua msimu mmoja au miaka kadhaa. Kwa hiyo kauli ya kwamba “embe halijawahi kumdhuru” haitoshi kuliondoa embe katika orodha ya washukiwa. Mara nyingi mtu huanza kupata mzio wa kitu ambacho amekuwa akikigusa kwa muda mrefu.

Ni kitu gani hasa ndani ya embe kinacholeta shida?

Kwa watu wengi shida haimo katika nyama ya embe bali katika ganda lake na katika utomvu unaochuruzika pale kikonyo kinapokatwa. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na miti ya ukoo huo hubeba mafuta yenye kemikali zinazofanana sana. Wabanguaji wa korosho wa Mtwara na Lindi wanayafahamu mafuta hayo kuliko daktari yeyote: ndiyo yale meusi yanayotoka katika ganda la korosho na kubabua vidole, na kwa sababu hiyo mbanguaji asiye na glavu hupaka mafuta ya kupikia au majivu mikononi kabla ya kuanza kazi.

Kemikali iliyochunguzwa zaidi katika kundi hili huitwa urushioli, jina lililotokana na mti wa Japani ambao utomvu wake hutumika kung’arishia vyombo vya mbao. Huko Marekani kemikali hiyo imo katika mmea wa porini uitwao poison ivy, ambao huwatoa vipele vikali watu wanaopita vichakani. Jambo hili linawahusu ndugu zetu wanaoishi huko, kwani mtu aliyewahi kubabuliwa na mmea huo anaweza kula embe lenye ganda kwa mara ya kwanza maishani na akaota vipele, akiwa hana habari kwamba mwili wake ulishaandaliwa na kitu kingine.

Nitautambuaje mzio huu, nisije nikauchanganya na fangasi au tetekuwanga?

Saa ndiyo inayowapoteza wengi. Vipele vya mguso wa ganda la embe kwa kawaida havitokei siku ileile, bali baada ya saa 12 hadi siku 3. Mtoto anakwea mwembe Jumamosi, anang’ata ncha ya embe, analimenya kwa meno na kulinyonya huku maji yakimtiririka hadi viwikoni. Jumatatu asubuhi anaamka na midomo iliyovimba na kuwasha, na mama anaanza kukumbuka alichokula Jumapili: samaki, mayai, au soda ya rangi aliyonunua baada ya ibada. Embe la Jumamosi limeshasahaulika, na samaki asiye na hatia anapigwa marufuku nyumbani.

Baada ya saa, angalia ramani ya vipele. Hukaa pale ganda au utomvu ulipogusa: kuuzunguka mdomo, kwenye pembe zake, kidevuni, mashavuni, na katikati ya vidole. Kope nazo huweza kuvimba ikiwa mtu alijifikicha macho kabla ya kunawa. Ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi kuliko kawaida, ikiwa na vipele vidogo vyenye maji vinavyowasha kupita kiasi, kisha hukauka na kubanduka. Jambo la kushangaza ni kwamba ulimi na ndani ya mdomo mara nyingi husalimika. Tetekuwanga, kinyume chake, huja na homa na husambaa kifuani, mgongoni na kichwani bila kujali embe liligusa wapi, ilhali fangasi huenea polepole kwa majuma.

Je, si ile dawa ya kuivishia maembe ndiyo inayobabua?

Ni kweli kwamba baadhi ya wafanyabiashara huivisha maembe kwa kabaidi, na unga wake unaweza kuudhi ngozi. Hiyo ni sababu tosha ya kuosha kila embe la sokoni. Hata hivyo, embe lililochumwa uani kwako, ambalo halijawahi kukutana na dawa yoyote, linaweza kuleta vipele vilevile. Ukiona hivyo, muuzaji hana kosa.

Na yule anayewashwa mdomo papo hapo akila embe bichi kwa chumvi na pilipili?

Huyo mara nyingi hana mzio. Ukali wa embe bichi, chumvi na pilipili huchoma midomo iliyopasuka, na maumivu hayo hupungua baada ya kusuuza mdomo kwa maji.

Kuna aina ya mzio wa embe inayoweza kuua?

Ipo, ingawa ni nadra, na dalili zake hazifanani na tulizozieleza. Huanza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida kabla ya saa 2 kupita, hata kama embe lilimenywa vizuri, kwa sababu hapa kinga ya mwili inapambana na protini za tunda lenyewe. Mwili mzima hutoka mabaka yaliyovimba na kuwasha, midomo, ulimi au koo hujaa, sauti hukwaruza, kifua hubana na kutoa mlio kama wa pumu, mgonjwa hutapika mfululizo, hulegea au huzimia. Dalili za kupumua au za kuzimia zinapotokea baada ya kula, hata bila mabaka kwenye ngozi, huo ni mshtuko wa mzio, na dawa yake ni sindano ya adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake.

Mlaze mgonjwa chali na kuinua miguu yake. Kama anahema kwa shida, mwache akae, lakini usimsimamishe wala kumtembeza. Kwa sababu hiyo bodaboda si usafiri mzuri kwa mgonjwa wa namna hii, kwani atalazimika kukaa wima bila msaada. Tafuta gari, au bajaji ikiwa ndiyo iliyo karibu. Afikapo kituoni, sema waziwazi kwamba ni mzio mkali na taja alichokula. Hata akipata nafuu, abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi.

Vipele vya mguso vimeshatokea. Nifanye nini?

Ikiwa bado ni muda mfupi tangu kugusa utomvu, osha ngozi kwa sabuni na maji mengi, na usisahau chini ya kucha. Vipele vikishatoka, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na kuwekwa kwa dakika 15, mara kadhaa kwa siku, hutuliza muwasho kuliko watu wanavyodhani. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inaweza kutumika kwa siku chache baada ya kumwuliza mfamasia. Vidonge vya mzio kama setirizini husaidia kidogo tu katika aina hii ya vipele.

Hapa niseme wazi jambo linalonikera: usikubali kuuziwa krimu kali ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kwa ajili ya uso wa mtoto, hasa zile zilizochanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria katika tyubu moja. Huleta nafuu ya haraka, na kwa hiyo husifiwa mtaani, lakini zikitumika kwa muda hukondesha ngozi ya uso na kuacha madoa na chunusi. Ndimu, majivu, dawa ya meno na spiriti navyo visipakwe; ndimu, zaidi ya kuchoma, ikipigwa na jua juu ya ngozi huacha mabaka meusi yanayodumu kwa wiki nyingi.

Vipele huisha vyenyewe kwa wiki 1 hadi 3, na maji yanayotoka ndani yake hayaambukizi mtu mwingine. Nenda hospitali kama macho yamefumba kwa uvimbe, vipele vimeenea sehemu kubwa ya mwili, au pametokea usaha na homa.

Je, nitaweza kula embe tena?

Kama shida yako ni vipele vya mguso pekee, wengi huendelea kula nyama ya embe kwa masharti. Mtu mwingine, si wewe, alioshe embe, akate kikonyo na kuliinamisha ili utomvu udondoke, alioshe tena, kisha amenye ganda nene kidogo, kwa kuwa kemikali hizo hupenya milimita chache chini yake. Abadilishe kisu na ubao kabla ya kukata vipande, na wewe ule kwa uma. Usinyonye kokwa. Kuwa mwangalifu na achari, kwani vipande vyake mara nyingi hukatwa na ganda lake, na usichome kuni za mwembe.

Aliyewahi kupata dalili za haraka asijaribu hata kipande kimoja nyumbani. Kwake kipimo ni cha kuchoma ngozi kidogo na kusoma matokeo baada ya dakika 15 hadi 20, au cha damu. Kwa mwenye vipele vya mguso, daktari wa ngozi hubandika mgongoni viraka vyenye vitu vinavyoshukiwa kwa siku 2 na kuvisoma tena siku zinazofuata. Mweleze daktari pia kama unawashwa na glavu za mpira, parachichi au ndizi, kwa kuwa baadhi ya wenye mzio wa mpira huathiriwa na matunda hayo. Na ukienda, mpelekee picha ya vipele uliyoipiga kwa simu siku vilipokuwa vibichi, pamoja na saa uliyokula embe. Siku ya miadi ngozi huenda ikawa imeshapona.